Shajara ya mradi: Uzamivu wa anthropolojia kwa kalenda ya giza na mbalamwezi

Shajara hii ni ya utafiti wa shahada ya uzamivu katika anthropolojia unaofanywa kupitia chuo kikuu cha umma nchini Tanzania. Shahada ni ya tasnifu, na darasani kuna semina za mbinu za utafiti tu. Mada ni mgawo wa mapato katika uvuvi wa dagaa wa usiku: nani anapata fungu gani, nani anayeamua, na deni linaingiaje katikati. Uwanda ni kijiji kimoja cha pwani katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Jina la kijiji halitatajwa, na sababu imeelezwa kwenye ingizo la Novemba 2024. Mambo ya kawaida, kama usajili, ada na ripoti za kila muhula, yamepitwa haraka. Nafasi yamepewa makosa na marekebisho yake. Gharama ni kwa shilingi za Tanzania.

13 Machi 2023: Andiko limepita mara ya tatu

Andiko la kwanza lilikuwa na maswali saba ya utafiti katika kurasa 46. Jopo la idara lililirudisha kwa sababu kila swali lilitosha kuwa tasnifu peke yake. La pili lilipunguzwa hadi maswali matatu, lakini likabebeshwa dodoso la kaya 200 ili kuwaridhisha wajumbe waliozoea takwimu. Hilo ndilo kosa kubwa la hatua hii. Dodoso la dakika 40 kwa kaya 200 ni saa 133 za kuuliza tu, bado hujaingiza data. Ukimaliza utajua watu wanasema wanapata kiasi gani, na swali lilikuwa wanagawana vipi. Jopo liliona ufa huo ndani ya dakika kumi.

Andiko la tatu lilipita kwa sababu kila swali lilifungwa na aina ya ushahidi wake. Swali la namna fungu linavyokokotolewa lilifungwa na madaftari ya makarani wa vyombo vya uvuvi na kuhudhuria hesabu zinapofanyika. Swali la nani anaweza kumkopa nani lilifungwa na historia za madeni ya mabaharia. Swali la wanawake wanaochemsha na kuanika dagaa lilifungwa na kufuatana nao tangu mnadani hadi mzigo unapopakiwa garini. Anayeandika andiko lake ajaribu zoezi hili kabla ya kulipeleka popote: achukue karatasi, upande wa kushoto aandike swali, upande wa kulia aandike kitu atakachokiona, kukisikia au kukisoma kitakachojibu swali hilo. Swali lisilo na kitu upande wa kulia lifutwe.

Swali la kwa nini anthropolojia nalo huulizwa, na linastahili jibu la dhati. Baada ya uhuru vyuo vingi vya Afrika viliifunika taaluma hii chini ya sosholojia kwa kuwa ilihudumia utawala wa kikoloni. Archie Mafeje, Mwafrika Kusini aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, alionyesha katika makala yake ya 1971 jinsi dhana ya ukabila ilivyowafumba watafiti macho wasione uchumi na tabaka. Andiko letu lilijibu kwa kuweka wazi kwamba kipimo cha utafiti ni chombo na watu wake, wa makabila yoyote, wenyeji na wa dago, yaani wavuvi wanaohama na kupiga kambi ya muda. Halikusema "Wamachinga na uvuvi" wala "Wamwera na uvuvi". Jopo liliridhika hapo.

26 Juni 2023: Vibali, ngazi saba na barua moja yenye kasoro

Mwanafunzi wa chuo cha umma huanza na barua ya Makamu Mkuu wa Chuo. Raia wa kigeni hupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, kisha kibali cha ukaazi daraja C, na kwake hatua hiyo huhesabiwa kwa miezi. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye huandika kwa Katibu Tawala wa Wilaya, naye humwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri. Kutoka hapo ni Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, mwenyekiti wa kijiji, na kwa utafiti wa pwani, kikundi cha BMU kinachosimamia rasilimali za bahari ufukweni.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ya njia. Ukitoka Dar es Salaam, Lindi iko mbele ya Kilwa. Unapita Nangurukuru, unakwenda hadi Lindi mjini kwa barua ya mkoa, halafu unarudi nyuma hadi Kilwa Masoko kwa barua ya wilaya. Mpango wa siku mbili ulichukua siku tano, kwa sababu safari iliondoka Alhamisi na ofisi zikafungwa Jumamosi na Jumapili. Ondoka Jumapili, uwe mlangoni mwa mkoa Jumatatu asubuhi.

Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Barua ya chuo ilitaja kijiji kimoja. Mabaharia walipohamia dago kwenye kijiji cha kata ya jirani, mtendaji wa huko alikataa kuipokea, na alikuwa na haki. Ngazi zote zilirudiwa. Katika fomu ya kuomba barua andika wilaya nzima na uorodheshe kata zote zinazoweza kuguswa. Sehemu ya muda usiandike miezi uliyopanga. Ongeza sita juu yake. Barua iliyoisha tarehe uwandani ni sawa na kutokuwa na barua.

Beba nakala kumi za kila barua, kwa sababu kila ofisi inabaki na yake. Gharama ya hatua hii: nauli, malazi ya usiku mnne, kuchapa na kudurufu, 310,000.

21 Agosti 2023: Fomu ya ridhaa imeandikwa upya

Kamati ya maadili ilipitisha fomu ya kurasa mbili iliyofuata kielelezo cha utafiti wa afya. Katika majaribio ya watu sita, wanne waligoma kutia saini. Sentensi iliyowafukuza ni ile iliyokusudiwa kuwatuliza, kwamba hakuna hatari yoyote katika kushiriki. Mtu aliyekaribishwa kuzungumzia dagaa hakuwa amefikiria hatari hata kidogo. Akishaambiwa haipo, anaanza kuitafuta. Saini nayo inanuka mahakama, mkopo na kuuza shamba.

Hofu halisi ilipoulizwa ilikuwa tofauti na ya kwenye fomu. Baharia anaogopa maneno yake yasimfikie tajiri. Kwa wavuvi tajiri ni mwenye chombo, hata kama hana mali ya kutajika. Mwenye chombo anaogopa bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, na leseni. Mama anayechemsha dagaa anaogopa ushuru. Fomu mpya ni nusu ukurasa, inasomwa kwa sauti, na inataja waziwazi kwamba mazungumzo hayapelekwi kwa tajiri, kwa BMU, kwa bwana samaki wala halmashauri. Ridhaa inatolewa kwa mdomo na kurekodiwa mwanzoni mwa sauti. Kamati iliombwa kukubali badiliko hilo kwa barua yenye matokeo ya majaribio, ikakubali ndani ya wiki tatu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inagusa kazi hii pia. Orodha inayounganisha namba ya mshiriki na jina lake inakaa kwenye daftari moja la karatasi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Haiingii kwenye kompyuta.

1 Oktoba 2023: Mwezi wa angani umeshinda ratiba ya ofisi

Ratiba ya kwanza ilipangwa kwa wiki: mahojiano tisa kila wiki kuanzia 4 Septemba. Katika wiki mbili za kwanza yalipatikana matano kati ya 18. Watu hawakukataa. Walikuwa wamelala.

Uvuvi wa dagaa wa usiku hutegemea taa. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga wa taa una nguvu pale tu anga ni jeusi. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwaiti, na vyombo vinalala. Wavuvi huhesabu kwa mwezi mwandamo. Mwezi wa tarehe 15 huchomoza jua linapozama. Baada ya hapo huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila usiku, hivyo kufikia tarehe 19 kuna saa tatu hivi za giza mwanzoni mwa usiku na vyombo vinaanza kutoka tena. Katika kijiji hiki vyombo hutoka takriban usiku 20 na kulala takriban 9 kwa kila mwezi mwandamo. Septemba 2023 mwezi uliandama katikati ya mwezi, na wiki zetu mbili ziliangukia katikati ya giza lenyewe. Baharia aliyefika pwani alfajiri analala hadi adhuhuri, anaamka, anatengeneza wavu, na magharibi anaondoka. Kumwomba saa moja na nusu ni kumnyima usingizi.

Ratiba iligeuzwa yote. Siku za giza ni za kushuhudia: kuwa ufukweni kuanzia saa 11 alfajiri, kuhesabu ndoo zinazoshushwa, kuandika bei za mnada, kufuatana na wachemshaji hadi kwenye masufuria na chanja. Alasiri ya giza ni ya wanawake, kwa sababu kati ya kuanika na kukusanya kuna saa mbili au tatu za kugeuza dagaa na kuongea. Mbalamwezi ni ya mahojiano marefu na mabaharia. Wa dago wahojiwe kwanza, siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu wakishalipwa wanapanda basi kwenda kwao.

Mbalamwezi ya kwanza nayo ilileta kosa jingine. Iliangukia Mfungo Sita na Maulidi, 28 Septemba. Mahojiano ya siku tatu yalifutwa, jambo ambalo kalenda ya ukutani ingelisema bure. Maulidi huwa tarehe 12, kwa hiyo kila mwaka itakutana na mwezi mpevu. Nunua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, weka ratiba yote ya uwanda juu yake, na Ijumaa asubuhi usipange kitu.

18 Desemba 2023: Mgawo, kanuni ya mdomoni na hesabu ya daftari

Kila aliyeulizwa mnagawanaje alijibu vilevile: toa gharama, kinachobaki nusu ya chombo, nusu ya watu. Mahojiano 14 yalitoa jibu hilo hilo, na kwa wiki mbili ilionekana kama swali la kwanza limekwisha. Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii hufia, mtafiti anaporudi na kanuni akadhani amerudi na desturi.

Marekebisho yalikuwa kuacha kuuliza na kukaa na karani. Katika vyombo vinne vilivyokubali, hesabu kamili hufanyika mwisho wa giza, wala si kila asubuhi. Tulifuata daftari la kila chombo kutoka usiku wa kwanza hadi siku ya hesabu. Tarakimu zifuatazo zimesawazishwa ili kuonyesha njia, si za chombo chochote. Mauzo ya giza ni 4,200,000. Petroli, mafuta ya jenereta, chakula na ushuru ni 1,500,000. Kinabaki 2,700,000, nusu yake ni 1,350,000 ya watu. Watu ni 23, lakini mafungu ni 25: nahodha ana mawili, fundi wa mashine na mtu wa taa wana fungu na nusu kila mmoja, 20 waliobaki fungu mojamoja. Fungu ni 54,000.

Hadi hapo kanuni ya mdomoni imesimama. Daftari linaonyesha vitu vitatu ambavyo kanuni haisemi. Kwanza, kitoweo: kila baharia hupewa dagaa wa kupeleka nyumbani kila asubuhi, na hao hawaingii kwenye mauzo. Anayewauza badala ya kuwala anaweza kupata kwa giza zima kiasi kinachokaribia fungu lenyewe. Pili, advansi: baharia aliyechukua 40,000 katikati ya giza anapokea 14,000 siku ya hesabu, na anayejua fungu lake ni karani na tajiri tu. Tatu, ukarabati: wavu ukichanika, baadhi ya matajiri huweka gharama juu ya mafungu yote na baadhi huiweka upande wa chombo. Ugomvi wa kweli upo hapo, na hakuna aliyeutaja kwenye mahojiano hadi alipoulizwa kuhusu mstari fulani wa daftari.

Kwa anayeiga: peleka daftari kwenye mahojiano. Uliza kuhusu mstari, usiulize kuhusu desturi. Ruhusa ya kunakili daftari ni ya watu wawili, tajiri na karani, na ridhaa ya mmoja haimfungi mwingine. Chombo cha tano kilitolewa kwenye utafiti kwa sababu tajiri alikubali na karani hakutaka.

Dodoso dogo la kaya 60, lililobaki kwenye andiko kama kiraka cha yale 200, liliachwa baada ya kaya 23. Lilikuwa likirudisha kanuni ya mdomoni kwa njia ya gharama kubwa zaidi.

31 Machi 2024: Ramadhani, upepo na unukuzi

Ramadhani imeanza 12 Machi. Mahojiano ya mchana yamesimamishwa yote, na mwezi umetumika kwa unukuzi, yaani kuandika sauti zilizorekodiwa neno kwa neno, kazi ambayo bajeti haikuwa na hata shilingi moja kwa ajili yake.

Saa moja ya sauti inachukua saa sita hadi nane kunukuu kwa anayejua Kiswahili cha pwani. Kufikia sasa kuna saa 29, na makisio ya mwisho ni 42. Kwa wastani wa saba, hizo ni saa 294, yaani siku 37 za kazi bila kufanya kingine. Programu ya kunukuu kwa kompyuta ilijaribiwa kwenye faili tatu. Inashika maneno ya redioni. Watu wawili wakisema kwa pamoja, au baharia akitaja tanga, mshipi na matlai, inatunga maneno yake na kuyaandika kwa ufasaha. Kosa lenye sura nzuri ni baya kuliko pengo, kwa sababu halionekani. Iliachwa.

Mnukuzi wa kwanza alilipwa kwa ukurasa. Kurasa zikawa nyingi na maneno machache. Malipo yamebadilishwa kuwa 30,000 kwa saa ya sauti, na dakika kumi za kila faili zinasikilizwa upya kabla ya kulipa. Ametia saini ahadi ya siri, na si mtu wa wilaya hii.

Faili saba zimeharibiwa na upepo wa ufukweni. Sifongo kidogo cha kinasa sauti hakitoshi upepo ukivuma. Ingia ndani ya banda, geuza mgongo uelekee bahari, weka kinasa sauti kifuani pa msemaji badala ya mkekani. WAV ya 44.1 kHz, biti 16, njia moja, inakula takriban MB 317 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha uwanda mzima na hakuna sababu ya kubana sauti. Jina la faili ni tarehe, herufi ya kundi na namba ya mshiriki, kwa mfano 20240118_M07. Jina la mtu halimo kamwe.

Andika nukuu kwa Kiswahili kama ilivyosemwa, usitafsiri papo hapo. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, na rasimu za mwanzo zilizotafsiriwa moja kwa moja zilimgeuza tajiri kuwa "mtu mwenye mali" na fungu kuwa "hisa" ya kampuni. Sura nzima ilipotoka kwa maneno mawili. Sasa maneno 34 ya kazi yana daftari lao, kila moja na sentensi tatu lilimotumika, na ndani ya tasnifu yanabaki kwa Kiswahili.

27 Mei 2024: Kimbunga Hidaya

Kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya kusini 3 na 4 Mei na kutua kisiwani Mafia. Mvua ilikata barabara kuu ya kusini, Somanga ikiwemo, na Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam. Giza lote la Mei limepotea, na uwanda umesimama wiki tatu.

Madhara kwa data: maji yaliingia chumbani na kulowesha madaftari mawili ya shajara ya uwanda. Kurasa zilizoandikwa kwa kalamu ya jeli zimefutika. Za kalamu ya kawaida na penseli zinasomeka zote. Kurasa 38 za jeli zimeokolewa 31, kwa kuwa zilikuwa zimepigwa picha kwa simu. Saba zimepotea, za siku nne ambazo picha ziliahirishwa. Sheria mpya haina ubaguzi: kila usiku, kabla ya kulala, kila ukurasa picha.

Nakala ya mtandaoni nayo iliangusha. Tarehe 12 Mei nyaya za intaneti chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki ikabaki na mtandao wa kusuasua, wakati ambapo faili za Aprili zilikuwa bado hazijapanda. Hazikupotea kwa sababu zilikuwa kwenye diski ya pili. Tangu hapo kuna diski tatu: moja na mtafiti, moja na msaidizi nyumba nyingine, moja Dar es Salaam inayobadilishwa kila baada ya miezi miwili. Zote zimefungwa kwa nywila.

Barabara ilipopitika tulirudi kijijini bila kinasa sauti. Palikuwa na vyombo vilivyopondeka na banda za kukaushia zilizobebwa na maji. Siku kumi hakuna mahojiano yaliyoombwa. Anayefanya anthropolojia ya mapato atavutwa kuuliza mara moja nani analipia hasara, na swali ni zuri, lakini mtu anayetafuta mbao za chombo chake hadaiwi maelezo. Majibu yalikuja yenyewe Julai, wakati wa hesabu.

Uwanda umeongezwa miezi miwili, hadi mwisho wa Agosti. Hapo ndipo ile miezi sita ya ziada kwenye barua ilipoonekana thamani yake.

16 Septemba 2024: Misimbo 143, kisha 29

Mahojiano 57, saa 42, kurasa za shajara 611. Kuchambua ni kuweka misimbo, yaani majina mafupi ya mada, kwenye vipande vya nukuu. Tumetumia Taguette, programu ya bure ya kazi hiyo isiyohitaji intaneti ikishawekwa. Kuna nyingine za kulipia zenye uwezo zaidi, na kwa tasnifu moja hatukuona pengo.

Kosa: misimbo ilianza kuwekwa nukuu ya kwanza ilipokamilika. Katika mahojiano 20 ilifika 143, mingi ikiwa jambo lile lile kwa majina tofauti: "deni", "mkopo", "advansi", "kukopeshwa na tajiri". Kazi ya wiki tano ilifutwa. Mara ya pili nukuu zote zilisomwa kwanza bila kugusa chochote. Kisha kila chombo kikaandikiwa maelezo ya kurasa nane hadi kumi: kimeanzaje, nani yumo, nani ametoka na kwa nini, giza moja zima hesabu kwa hesabu. Misimbo 29 ilitoka kwenye maelezo hayo. Sura tatu za tasnifu nazo zimetoka humo karibu kama zilivyo.

18 Novemba 2024: Matokeo yamerudishwa, na jina la kijiji limeondolewa

Kijarida cha Kiswahili cha kurasa nne, nakala 120, kimesomwa kwenye mikutano miwili. Mabaharia walikutana wakati wa mbalamwezi. Wanawake walikutana peke yao siku ya pili alasiri. Mkutano wa pamoja ulijaribiwa kwanza na ukawa kimya, kwa kuwa matajiri walikaa mbele.

Mabaharia wamesahihisha jambo moja la msingi. Tuliandika kwamba kitoweo ni hiari ya nahodha. Walisema ni haki, na nahodha anayekipunguza hapati watu giza linalofuata. Daftari la uwanda lilipopekuliwa, matukio mawili yalithibitisha kauli yao. Yalikuwa yameandikwa kama "ugomvi" na kuachwa hapo. Aya tisa za sura ya nne zimeandikwa upya.

Wanawake walionyesha kasoro katika kutunza siri. Majina yalikuwa ya kubuni, lakini mwanamke mmoja alisoma mistari miwili kuhusu mchemshaji mwenye masufuria sita aliyewahi kupeleka mzigo hadi Kongo, akamtaja mwenyewe kwa jina. Palepale wote wakajua. Katika kijiji chenye vyombo vya kuhesabika, jina la kubuni halifichi mtu. Idadi ya mashine, umri na safari moja ya mbali vinatosha kumtaja. Sasa sifa zisizobeba hoja zimeondolewa, maelezo ya watu wawili yamegawanywa katika sura tofauti, na jina la kijiji limetolewa katika tasnifu nzima, ramani ikiwemo. Mwanamke husika aliulizwa kama mistari yake ifutwe yote. Alichagua ibaki safari, yaondoke masufuria.

Gharama: kuchapa, viti, chai na vitafunwa, 285,000.

9 Juni 2025: Tasnifu imewasilishwa kwa watahini

Taarifa ya kusudio la kuwasilisha ilipelekwa miezi mitatu kabla, kama kanuni za chuo zinavyotaka, ili watahini wateuliwe mapema. Anayesubiri amalize kuandika ndipo aitoe hukaa bure miezi hiyo hiyo.

Sura zilipelekwa kwa wasimamizi mojamoja, na hilo halikufaa. Msimamizi mmoja alitaka nadharia mbele, mwingine alitaka ethnografia mbele, na sura ya pili ilizunguka mara nne. Marekebisho: mkutano mmoja wa wote, muhtasari wa sura zote katika kurasa sita, na kumbukumbu ya makubaliano iliyotumwa kwa baruapepe jioni ile ile. Baada ya hapo hakuna sura iliyorudi zaidi ya mara mbili.

Hesabu ya uwanda, bila ada ya chuo:
- vibali 310,000
- vifaa (kinasa sauti, kadi, diski tatu) 540,000
- chumba, miezi 12, 720,000
- chakula na usafiri, miezi 12, 3,000,000
- msaidizi, siku 96 kwa 15,000, 1,440,000
- unukuzi 1,260,000
- kurudisha matokeo 285,000

Jumla 7,555,000. Bajeti iliyopitishwa ilikuwa 5,390,000. Ziada ya 2,165,000 imetoka sehemu tatu tu: unukuzi, miezi miwili baada ya kimbunga, na kurudisha matokeo. Unukuzi na matokeo vingeweza kuandikwa kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Yaliyobaki: ripoti za watahini, utetezi, masahihisho. Madaftari ya karatasi yenye majina yatachomwa baada ya masahihisho kukubaliwa, kama fomu ya ridhaa ilivyoahidi. Sauti za mahojiano 11 zitafutwa kwa maombi ya waliohojiwa. Nukuu zao wamekubali zibaki. Kijarida kinachapishwa tena kikiwa na sahihisho la kitoweo, nakala 60, zifike kijijini kabla ya mbalamwezi ya Julai.